Sentimita tano si nusu ya njia

Mkunga akitoka na kusema njia imefunguka sentimita 5, ndugu waliokaa nje ya wodi hupiga hesabu papo hapo: mwisho ni 10, basi nusu imeshapatikana. Hesabu hiyo haiko sawa.

Mkunga hutanua vidole viwili ndani ya glavu na kukadiria kipenyo cha mlango wa shingo ya kizazi. Sasa, ukikuza duara mpaka kipenyo kiwe mara mbili, eneo lake huwa mara nne. Uwazi wa sentimita 5 una takriban sentimita za mraba 20. Ule wa 10 una karibu 79. Basi 5 ni robo, wala si nusu. Mboni ya jicho nayo hufuata kanuni hiyo: daktari akikutia matone ikapanuka kutoka milimita 2 hadi 8, tundu la kuingizia mwanga limekua mara 16. Ndiyo maana ukitoka kliniki jua linakuumiza, na bodaboda usiiguse kwa saa kadhaa.

Ila shingo ya kizazi si duara la ubaoni. Katika jometri, umbo likikuzwa hubaki na sura yake ile ile. Shingo ya kizazi hufunguka huku ikifupika na kuwa nyembamba, tena mwendo wake hubadilika. Mwaka 1972 Philpott na Castle, waliokuwa wakifanya kazi katika Zimbabwe ya leo, waliweka kwenye chati mstari wa tahadhari wa sentimita moja kwa saa. Ndio uliojulikana kwa wakunga wetu kupitia patografu, chati ya kufuatilia uchungu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba kasi hiyo haiwafai wanawake wote: wengi huenda polepole mpaka sentimita 5, kisha njia hufunguka upesi zaidi. Kuanzia hapo, mwenye mimba ya kwanza kwa kawaida hazidishi saa 12, na aliyekwisha kuzaa saa 10. Wengine huwahi mno.

Kwa hiyo eneo likikuambia bado robo tatu, muda huenda ukawa umebaki kidogo. Kwa mama wa kijijini Namasakata anayepewa rufaa ya hospitali ya Songea, safari ndefu, 5 ni namba ya kujifungulia njiani. Mwenye kovu la upasuaji, mapacha au historia ya kutoka damu nyingi asisubiri uchungu nyumbani. Ahamie karibu na hospitali kabla tarehe ya kujifungua haijafika.