Jino la Pembe na Dawa ya Pengo: Tuyajue Meno ya Bandia Laini

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu kinywa cha kula, kunena na kumdhukuru. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake.

Ama baad. Wahenga wetu walisema: jino la pembe si dawa ya pengo. Zama ambazo pembe za ndovu na meno ya kiboko yalikuwa yakipakiwa majahazini katika bandari za mwambao wetu, mafundi wa Ulaya na Marekani walikuwa wakichonga meno ya bandia kwa vitu hivyo hivyo. Rais wa kwanza wa Marekani, George Washington, alivaa meno yaliyochongwa kwa jino la kiboko. Pembe ile ililowa mate, ikabadilika rangi, ikanuka, na mwenye kuivaa hakuwa na raha. Katika karne ya 19 ukaja mpira mgumu, na katika miaka ya 1930 ikaja plastiki ngumu iitwayo akriliki, ambayo ndiyo itumikayo zaidi hadi leo.

Siku hizi swali linalotufikia mara kwa mara kutoka kwa kina mama ni jingine: je, haya "meno ya silikoni", yaliyo laini na yasiyo na chuma, ni kweli yanafaa? Na je, yanajuzu? Tumeona ni wajibu wetu kulijibu kwa utuvu, kwani wapo watu wanaotoa akiba ya mwaka mzima kununua kitu wasichokijua.

Pengo si aibu, wala si jambo dogo

Tunawaona wazazi wetu katika mitaa ya Mkomani na Langoni, na katika visiwa vya Pate na Ndau, wakicheka huku wamejiziba kinywa kwa ncha ya leso. Aliyepoteza magego huacha nyama, pweza na matunda magumu, akabaki na uji, mkate wa kuchovya na chai ya sukari. Mwili hudhoofu, na kama ana kisukari, hali huzidi kuwa nzito. Meno yaliyobaki nayo hayatulii: la pembeni huinamia pengo, na la juu lisilokuwa na mwenzake chini hushuka.

Lakini liko jambo jingine ambalo madaktari hawalitaji, nasi watu wa madrasa twalijua. Herufi za Qur'ani zina makhraji yake, na nyingi zinategemea meno. Fa hutoka pale mdomo wa chini unapokutana na ncha za meno ya mbele ya juu. Tha, dhal na dha hutaka ncha ya ulimi iguse ncha za meno hayo hayo. Dhad, herufi ambayo lugha ya Kiarabu imeitwa kwa jina lake, hutaka ubavu wa ulimi uyaelekee magego ya juu. Basi wako kina bibi waliosomesha juzuu amma watoto, kisha wajukuu, na leo wamenyamaza kwa kuona haya. Watoto wamepoteza mwalimu aliyekuwa nyumbani mwao.

Tuseme wazi: mwenye kushindwa kutamka kwa sababu ya mapengo ana udhuru, na Sala yake ni sahihi. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba anayesoma Qur'ani kwa taabu ana ujira mara mbili. Asiache kusoma. Lakini kama iko njia ya kumrudishia utamkaji wake na chakula chake, kumsaidia ni katika kuwatendea wema wazazi.

Sheria inasemaje

Sahaba Arfaja bin As'ad (R.A.) alikatika pua vitani kabla ya Uislamu. Akatumia pua ya fedha, ikamnukia, na Mtume (S.A.W.) akamwamuru atumie ya dhahabu. Imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi. Wanazuoni wakachukua hapo kwamba kurejesha kiungo kilichopotea, likiwamo jino, ni jambo la ruhusa. Lililokatazwa ni kuyachonga na kuyatenganisha meno mazima kwa ajili ya urembo, kuyabadilisha maumbile. Kuziba pengo ni kuondoa dhara. Basi kina mama wasitiwe wasiwasi kwa jambo hili.

Silikoni au nailoni?

Jina "silikoni" limewachanganya wengi, kwani linabeba vitu viwili tofauti.

Cha kwanza ni bamba la nailoni, lililoanza kutumika katika miaka ya 1950. Hili ndilo watu wengi wanaloliita silikoni. Ni jembamba, jepesi, lapindika kidogo, na rangi yake yafanana na ufizi. Meno yaliyopangwa juu yake ni ya plastiki ngumu kama mengine. Kilicho laini ni bamba.

Cha pili ni silikoni yenyewe. Hii ni tabaka laini, mfano wa mto mdogo, linalotandikwa chini ya meno ya bandia ya akriliki kwa mzee ambaye ufizi wake umekonda na kuuma kila anapotafuna. Tabaka hili huchakaa, na ukungu hulipenda, kwa hiyo hukaguliwa na kubadilishwa.

Anayekwenda kwa daktari aulize anapewa kipi kati ya hivi viwili.

Yanamfaa nani

Bamba la nailoni humfaa zaidi mtu aliyepoteza meno machache, hasa ya mbele, na aliyebakiwa na meno imara ya kulishikilia. Halina vishikizo vya chuma vinavyong'aa mtu akicheka. Humfaa anayedhuriwa na chuma au na dawa iliyomo ndani ya akriliki. Halihitaji kuchonga meno mazima ya jirani kama lifanywavyo "daraja", wala kupasuliwa ufizi kama meno ya kupandikiza. Likianguka sakafuni, si rahisi kuvunjika. Tena mara nyingi halifuniki kaakaa sana, na hilo humwachia ulimi nafasi ya kutamka.

Upungufu wake

Hapa ndipo methali ya wahenga inaporudi. Kile kile kinachopendeza, yaani kupindika, ndicho chenye ila. Anayetafuna kwa bamba linalopindika huutwisha ufizi mzigo. Kadiri magego yaliyopotea yanavyokuwa mengi, ndivyo ufizi na mfupa ulio chini yake unavyozidi kusagika. Kwa sababu hiyo, aliye kibogoyo kabisa kwa kawaida hushauriwa achukue akriliki, na aliyepoteza magego mengi huenda akafaidika zaidi na bamba lenye chuma ndani, hata kama si zuri wa sura.

Nailoni pia ni ngumu kutengeneza upya. Jino jingine likitoka mwaka ujao, akriliki huongezwa jino kwa urahisi. Nailoni mara nyingi hutaka kufanywa upya yote. Ufizi ukinywea, na hunywea kila mtu, kulijaza bamba hilo ni kazi. Jino la juu yake halikugandishwa bali limebanwa tu, na laweza kuchomoka. Rangi ya chai, manjano na tambuu hulishika. Na kwa vile huyeyushwa na kusukumwa katika kalibu kwa mtambo maalumu, si kila maabara inayo kazi hiyo, na bei yake mara nyingi hushinda ya akriliki.

Kabla ya kutoa fedha

Kwanza, uchunguzi. Pengo haliwekwi jino juu ya ufizi mgonjwa wala karibu na jino lililooza. Hatua hii isisubiri safari ya mbali. Ulizieni kwanza Hospitali ya King Fahd hapa Lamu.

Pili, subira. Baada ya kung'oa, ufizi huchukua wiki kadhaa, na pengine miezi, kupona na kutulia. Mwenye kisukari hupona polepole zaidi, naye amweleze daktari mapema.

Tatu, mpango wa safari. Kazi hii haimaliziki kwa siku moja: kuna kuchukua kipimo, kujaribisha, kuvisha, na kurudi kurekebisha panapouma. Kwa mtu wa Faza au Kizingitini, hiyo ni mashua, kisha Mokowe, kisha basi hadi Mombasa, zaidi ya mara moja. Hesabu ya nauli na ya kulala kwa jamaa iingie katika bei tangu mwanzo. Anayelipa jino peke yake akasahau kurekebisha, huishia kuliweka kabatini.

Nne, cheti. Daktari wa meno nchini Kenya husajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, na mwananchi ana haki ya kuuliza usajili huo. Tujihadhari na fundi wa kupita njia, na vilevile na zile fizi za plastiki zinazouzwa kwa simu, za kuvaliwa juu ya meno bila kipimo cha daktari. Hizo huficha tu. Chini yake jino huoza na ufizi huvimba.

Utunzaji na ibada

Meno ya kuvaa huvuliwa usiku, yakasuguliwa kwa mswaki laini na sabuni nyepesi, kisha yakalazwa katika maji safi. Maji ya moto huyaharibu umbo, na dawa ya meno yenye chembe huyakwaruza. Ufizi na ulimi nao husuguliwa. Doa jekundu au kidonda kisichopona kwa wiki mbili kipelekwe kwa daktari, hasa kwa mla tambuu, kwani popoo imethibitishwa kuwa yaleta saratani ya kinywa.

Katika madhehebu yetu ya Shafi, kusukutua ni sunna katika udhu na katika josho, kwa hiyo kutoyavua hakubatilishi. Kuyavua na kusukutua ni bora, kwa usafi. Wafuasi wa madhehebu ya Hanafi na Hanbali wawaulize wanazuoni wao. Kuyavaa hakufunguzi saumu. Lakini baada ya daku yaoshwe vizuri, kwani kumeza kwa makusudi mabaki ya chakula yaliyonasa hufunguza, na hubatilisha Sala pia. Gundi ya meno isitumiwe mchana wa Ramadhani. Familia nayo ijue kuwa mzee wao anayo, ili akilazwa au akifikwa na mauti yavuliwe kwa heshima.

Jino la pembe, basi, si dawa ya pengo, na nailoni haikuibadilisha hukumu hiyo. Dawa ilikuwa kulilinda jino la asili, kwa mswaki ambao Mtume (S.A.W.) aliuhimiza sana, na kwa kupunguza sukari katika chai za watoto wetu. Lakini pengo likishakuwapo, mtu asiachwe na njaa na ukimya. Watoto na wajukuu wamkalishe mzazi wao, wamuulize ni chakula gani amekiacha na ni sura gani hasomi tena, kisha wachangiane.

Mwenyezi Mungu awape wazazi wetu afya ya vinywa na nyoyo, na atujaalie kuwatumikia. Wallahu aalam.