Mtandao wa Wakulima wa Kahawa Karagwe na Kyerwa: Pato Lake Litoke Wapi?

Himdi zote anastahiki Allaah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam).

Vijana wa Kiislamu wa Karagwe wametuuliza kuhusu fikra yao ya biashara. Wanataka kuanzisha mtandao wa kijamii ambamo wakulima wa kahawa wa wilaya yao na ya Kyerwa watajuana, watapeana habari za bei na kukutana na wanunuzi. Wanauliza kama pato lake ni halali.

Asili ya jambo hili ni ruhusa. JamiiForums, iliyoanza mwaka 2006, imeonesha kuwa mtandao uliozaliwa Tanzania unaweza kusimama. Kilichotushitua ni kipengele kimoja cha mpango wao: mkulima ataweka picha ya shamba kahawa ikiwa bado maua, mnunuzi atalipa hapo hapo, na mtandao utakata asilimia yake.

Hii ni butura, ila imehamia kwenye simu. Kwa wasomaji wetu wa Unguja na Pemba, butura ni kununua kahawa ikingali mtini. Mkulima amekwama kwa ada ya mtoto au kwa mgonjwa, anapokea pesa kidogo, na mavuno yakija magunia si yake tena. (Tusiwacheke, mikarafuu yetu nayo imewekwa rehani sana enzi za wakopeshaji.) Serikali imeipiga marufuku, na kahawa inatakiwa ipite katika vyama vya msingi, ambavyo huko vina chama chao kikuu, KDCU.

Kisheria haijuzu. Imethibiti kwa Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn 'Umar (Radhwiya Allaahu 'anhumaa) kuwa Mtume alikataza kuuza matunda kabla hayajaanza kuiva, na katazo linamgusa muuzaji na mnunuzi pia. Tunda likiharibika, mmoja atakuwa amekula mali ya mwenzake bila haki. Na mkulima akidaiwa zaidi ya alichopokea kwa sababu mavuno yamepungua, hapo riba imeingia.

Wapo watakaosema: si hii ndiyo salam? Hapana. Salam inaruhusiwa, lakini kinachouzwa ni kitu cha sifa na uzito unaojulikana, kilicho katika dhima ya muuzaji, si matunda ya shamba fulani. Mfano ni kilo 500 za kahawa ya maganda, aina ya robusta, zifikishwe ghala fulani tarehe fulani, na thamani yote ilipwe papo hapo wakati wa kufunga mkataba. Shamba lake likikosa, muuzaji atatafuta kwingine, au mnunuzi atarejeshewa pesa zake zile zile bila nyongeza. Kwa kuwa kahawa haipiti nje ya chama, wazo hili vijana walipeleke kwanza kwa chama cha msingi, wala wasifunge mkataba wowote kabla hakijaridhia.

Mtandao wenyewe uchukue ujira wa kiwango kinachojulikana, au matangazo ya pembejeo na usafiri, si ya kamari wala mikopo ya riba. Mtaji wautafute kwa mudharaba, faida igawanywe kwa uwiano waliokubaliana. Na namba za simu za wakulima ni amana: kuziuza bila idhini yao ni khiyana, na pia ni kinyume cha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Wa-Allaahu A'lam.