Alama za buluu na mioyo ya Bukavu

Tangu Novemba 2014 WhatsApp hugeuza alama mbili za kijivu kuwa za buluu ujumbe unaposomwa, na wapenzi wengi wamezifanya kipimo cha moyo. Bukavu, mashariki mwa Kongo, kipimo hicho kinapotosha vibaya. Umeme ukikatika mtaani Kadutu, simu huzimika. Mega za intaneti zikiisha, ujumbe hubaki na alama moja. Anayengoja mtaani Bagira, macho kwenye kioo, anaona dharau palipo na betri tupu. Na tangu waasi wa M23 wauteke mji, Februari 2025, kimya cha saa mbili huchanganya wivu na hofu ya kweli.

Watasema wivu ulikuwepo kabla ya simu, tena wapo wanaosingizia mtandao. Ni kweli. Lakini barua iliyochelewa ilimwachia mtu nafasi ya kumdhania mwenzake mema. Leo neno “mtandaoni” chini ya jina linaifuta nafasi hiyo papo hapo, bila kueleza anaongea na nani. Mwongo hujulikana kwa mwenendo wa wiki nyingi, si kwa rangi. Alama hizo huzimwa kwenye mipangilio, na naona wawili wanaozizima kwa makubaliano wanajipunguzia mateso mengi.