Kutu Katika Wembe wa Kale

Si ajabu, katika Kitui au Makueni, mtu kufungua sanduku la marehemu babu yake akakuta, chini ya stakabadhi za kodi na kofia iliyoliwa na nondo, wembe wa kukunja uliofungwa kitambaa. Mpini wake ni wa pembe, na bapa lake limegeuka rangi ya udongo mwekundu. Mwenye sanduku hufanya moja katika mambo mawili. Ama huutupa, ama huupeleka sokoni kwa fundi wa jua kali ausugue kwa mashine ya umeme mpaka ung'ae kama kioo. Katika hayo mawili kuutupa ni afadhali, kwa maana wembe uliotupwa huenda ukaokotwa na mtu mwenye akili.

Tueleze sababu. Nyembe hizi zilifuliwa kwa chuma cha pua chenye kaboni nyingi, kadiri ya sehemu moja katika mia. Miji iliyosifika kwa kazi hiyo ni Sheffield katika Uingereza, ambako Benjamin Huntsman alianza kuyeyusha pua safi katika vyungu miaka ya 1740, na Solingen katika Ujerumani. Ugumu wa makali hutokana na moto. Fundi hupasha chuma mpaka kiwe chekundu, hukizamisha ghafula katika maji au mafuta, kisha hukipasha tena kwa moto mdogo ili kisivunjike kama gae. Kazi hiyo ikiisha, chuma hakitaki tena joto kali. Jiwe la mashine linapougusa ukingo mwembamba wa wembe, joto hupanda kwa nukta chache tu. Ukiona rangi ya samawati imetokea, jua ya kuwa joto limekaribia nyuzi 300, ugumu umekwisha toka, na wembe ule hautashika makali kamwe pale palipogeuka. Wahunzi wa zamani wa Ukambani, waliokusanya mchanga wenye chuma mitoni wakafua vichwa vya mishale na minyororo myembamba ya kusifika, wasingehitaji kuambiwa habari hii.

Basi kutu itolewe kwa mkono, tena kwa subira. Kwanza itambue. Ile nyekundu iliyo kama unga hukaa juu juu, nayo yatoka kwa urahisi. Ile nyeusi iliyoshikamana na chuma haina haraka ya kudhuru, na mara nyingi yafaa iachwe ilivyo, kwani huwa kama ngozi ya kinga. Adui wa kweli ni vishimo. Chini ya kutu nyekundu iliyokaa miaka mingi, chuma huwa kimeliwa, na chuma kilicholiwa hakirudi. Anayetaka kuondoa kila kishimo atasugua mpaka wembe uishe.

Paka bapa mafuta ya taa, uliache usiku kucha. Asubuhi sugua kwa nyuzi laini za chuma, au kwa msasa laini sana uliotiwa mafuta, ukifuata urefu wa bapa na kuelekea upande wa mgongo. Usisugue kamwe kukabili makali. Nyembe nyingi hazihitaji zaidi ya hapo.

Zikihitaji, dawa ipo karibu. Mkwaju, ambao Wakamba huuita kithumula, huota wenyewe mahali pengi katika Mwingi, Kitui na Kibwezi, na ukwaju wake una asidi inayokula kutu. Ponda ukwaju katika maji kidogo mpaka uwe mzito kama uji, upake penye kutu tu, ngoja dakika 10, kisha usugue kwa mswaki wa zamani na kutazama. Rudia ikiwa lazima. Maji ya limau au siki hufanya kazi ile ile. Wengi huharibu hapa kwa kudhani kwamba kilicho chema kwa dakika 10 ni chema zaidi kwa usiku mzima. Asidi haina macho: ikimaliza kutu huanza kula pua yenyewe, nawe utaamka ukute bapa limekuwa la kijivu, lenye ukurutu. Ukimaliza, osha kwa maji yaliyotiwa magadi, yale yale ya kulainishia maharagwe, kwa kuwa magadi huua ukali wa asidi. Kausha mara moja juani, kisha upake mafuta. Asidi isifike kwenye mpini wala kwenye vijimisumari vyake.

Na ile alama iliyogongwa kwenye shina la wembe usiiguse kwa msasa. Hicho ndicho cheti chake cha kuzaliwa. Sheria ya forodha ya Marekani ya mwaka 1890 ilitaka bidhaa zinazoingia huko zionyeshe nchi zilikotoka. Kwa hiyo wembe wenye neno England au Germany kwa kawaida ni wa baada ya wakati huo. Alama ikifutika, utabaki na kipande cha chuma kisicho na jina.

Je, wembe huo utanyoa tena? Tazama makali kwa kioo cha kukuzia. Vishimo vikiwa katikati ya bapa, si neno. Vikifika kwenye ukingo, makali yatamomonyoka, na mashavu yako yatajua kabla yako. Ukiwa mzima, unolewe juu ya kinoo laini, mgongo na makali vikigusa jiwe pamoja, kisha upitishwe juu ya ukanda wa ngozi, mgongo ukitangulia.

Wembe huo uwe wa mtu mmoja tu. Ukimwi, uliotambuliwa Kenya mara ya kwanza mwaka 1984, na homa ya ini, vyote vyaweza kupita katika damu iliyobaki kwenye makali. Tena, pepopunda haitoki katika kutu yenyewe kama watu wanenavyo, bali katika vijidudu vya udongo na uchafu. Ukijikata wakati wa kusafisha, osha jeraha na uende zahanati kuuliza habari ya sindano.

Kuhusu kuuweka: mvua za Oktoba mpaka Desemba ndizo za kuogopwa katika Ukambani. Ni wakati ambao hata pini za ofisini hutoboa mafaili kwa kutu. Paka mafuta ya nyonyo au ya cherehani kabla hazijaanza, wala usiufungie katika mfuko wa ngozi, kwa kuwa ngozi hushika unyevu. Mpini ukiwa wa seluloidi, ile inayofanana na pembe lakini ikisuguliwa hunuka kama kafuri, wembe huo ukae peke yake: seluloidi iliyozeeka hutoa mvuke wenye asidi, ambao waweza kutia kutu nyembe zote zilizomo katika sanduku moja.