Kanisa la watu 300 likitakiwa kubeba 2,000

Taabu ya kusanyiko linalokua tunaijua. Watu wanafurika hadi nje, tunaongeza manjanja upande mmoja, mwaka unaofuata upande mwingine, na mwishowe nusu ya watu hawamwoni mhubiri. Leo tutazame namna Wakatoliki wa Raleigh, katika jimbo la North Carolina huko Marekani, walivyoishughulikia taabu hiyo. Mafundisho yao si habari yetu leo. Tunazungumza juu ya ujenzi.

Kanisa kuu la askofu wao, la mwaka 1924, lilikuwa na nafasi ya watu 300 hivi. Waamini wakaongezeka sana, wengine wakihamia kutoka majimbo ya kaskazini, wengine kutoka Mexico na nchi za jirani zake. Mwaka 2015 wakaanza kujenga jipya, kwenye kiwanja ambako zamani palikuwa na kituo cha yatima. Tarehe 26 Julai 2017 likawekwa wakfu kwa Jina Takatifu la Yesu. Lina viti 2,000, na gharama yake ilipita dola milioni 40.

Sasa tupige hesabu. Watu 2,000 katika ukumbi mmoja mrefu, watu 20 kila safu, ni safu 100. Safu moja ikichukua sentimita 90, wa mwisho yuko karibu mita 90 kutoka mbele. Huyo ni mpita njia, si mshiriki. Ukipanua badala ya kurefusha, paa linaweza kudai nguzo katikati, na nguzo zinaziba macho. (Hekalu la Sulemani, katika 1 Wafalme 6, lilikuwa na dhiraa 60 kwa 20 tu, lakini makutano walisimama uani, hawakukaa ndani.) Jibu la Raleigh ni la zamani sana: umbo la msalaba. Ukumbi mrefu unakatwa na mikono miwili, na watu wanaketi mikononi pia. Pale vinapokutana pana kuba juu, na madhabahu iko karibu. Hivyo wengi wanasogea mbele bila jengo kuwa refu kupita kiasi.

Kwa nini madhabahu na si mimbari? Kwa sababu kwao kilele cha Misa kiko kwenye meza ile, basi jengo lote linapeleka macho huko. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, 1962 hadi 1965, madhabahu nyingi zilitolewa ukutani ili padri awatazame watu, na wengi wakajenga makanisa ya nusu duara. Baadhi ya waamini walilalamika kwamba yanafanana na kumbi za mikutano. Raleigh wamerudi kwenye umbo la kale.

Jambo moja lilitugusa. Vioo vya rangi madirishani vilitoka Philadelphia, katika kanisa lililofungwa mwaka 2012. Kanisa moja limekosa nafasi, lingine limekosa watu, na madirisha ya hili yakaenda kuangaza lile.

Lakini tusikimbilie kutamani kuba. Kuta ngumu na dari ya juu hurudisha sauti. Wimbo wa polepole hupendeza humo. Mhubiri anayesema kwa haraka, na mkalimani nyuma yake, maneno yao yatagongana, na ngoma zitayafunika. Kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa simenti, nendeni mahali penye jumba la ukubwa mnaoutaka, likiwa tupu, mpige kofi moja. Mkisikia kofi likiendelea kuzunguka, jumba la namna hiyo litawataka plafo ya mbao, mapazia mazito ukutani, au dari ya chini zaidi, na bei yake iingie kwenye mpango tangu siku ya kwanza.