Leza ya Macho: Hesabu Ianzie kwenye Konea

Konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, ina unene wa takriban mikroni 540 katikati, yaani nusu milimita na ushei. Leza ya kumrekebisha asiyeona mbali huupunguza unene huo, na kilichoondolewa hakirudi. Kwa hiyo naanza na mikroni kabla ya shilingi.

Tuchukue mtu wa dayopta −6 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi). Leza ikichonga eneo la kipenyo cha milimita 6.5, kila dayopta hula takriban mikroni 14. Mara 6, ni 84.

Njia ya leza iitwayo LASIK hukata kwanza kifuniko cha konea. Kikiwa cha mikroni 110, jumla ni 194 na chini hubaki 346. Kikiwa cha 160, kama kwa visu vya zamani, hubaki 296. Madaktari wana mipaka miwili: kinachobaki kisiwe chini ya mikroni 250, na kilichoguswa kisifike asilimia 40 ya konea. Kifuniko cha 110 kinatoa asilimia 36. Cha 160 kinatoa 45. Jicho hilohilo linafaulu mpaka wa kwanza na kuanguka wa pili. Ukiambiwa “salama”, uliza ni kwa mpaka upi.

PRK haina kifuniko. Hukwangua ngozi ya juu ya mikroni 50, nayo huota upya. Chini hubaki 406. Malipo yake ni maumivu ya siku 3 hadi 5 na ukungu wa wiki kadhaa. Anayeingiza sh. 40,000 kwa siku hupoteza sh. 200,000 kwa siku 5, na hazimo kwenye ankara.

SMILE hutoa kipande kupitia mkato wa milimita 2 hadi 4; wa LASIK huzunguka kama milimita 20. Lakini kwa kina, tabaka la juu 120, kipande 84 na nyongeza ya 15 ni 219. Hubaki 321, pungufu kuliko LASIK ya kifuniko chembamba. Watetezi wake husema tabaka la juu halikukatwa pande zote, hivyo bado linabeba nguvu. Hoja ina uzito, ila hesabu ya mikroni peke yake haiithibitishi.

Sasa shilingi. Nakisia miwani ya sh. 200,000 kila miaka 2. Kuanzia miaka 25 hadi 45, ni sh. 2,000,000; kuanzia 38, ni sh. 700,000 tu. Naishia 45 kwa sababu karibu na umri huo wengi huhitaji miwani ya kusomea, hata waliopigwa leza.