Lesi ya Malkia na Ujira wa Msusi

Aghalabu tunapofundisha habari za mapinduzi ya viwanda, husema kwamba mashine iliua kazi ya mikono. Nionavyo mimi, lesi yatufunza zaidi ya hayo. Katika jimbo la Devon, Uingereza, wanawake walisuka maua ya lesi juu ya mito, kwa pini na vijiti vya uzi. Mwaka 1809 John Heathcoat alisajili mashine ya kufuma wavu wa lesi. Mwaka 1816 genge la wavunja mashine lilivamia kiwanda chake mjini Loughborough, likaharibu mashine 55. Naye akahamia Tiverton, huko huko Devon.

Malkia Victoria alipoolewa mwaka 1840, aliagiza lesi ya Devon ili kuwanusuru wasusi. Hata hivyo, maua yao yalishonewa juu ya wavu wa mashine! Mkono na mashine vilikutana katika shela moja. Baadaye mashine ziliiga hata maua, na ujira wa msusi ukadidimia.

Walimu wenzangu, tusiishie kuuliza mashine ilifanya nini. Tuwaulize wanafunzi: faida ilimwendea nani?